Ngano ya Wafu kwa Zlatina

Siku niliyomwona Zlatina kwa mara ya kwanza nilivua kofia. Ilikuwa Januari, theluji imefika magotini, nami nampelekea kuni. Dirisha lake lilikuwa wazi kabisa. Kwetu, wakati wa baridi, dirisha huachwa hivyo nyumba ikifiwa tu, ili roho ya marehemu ipate pa kutokea.

"Pole, dada. Nani ametutoka?"

"Hakuna. Naishi peke yangu."

Alikuwa pekupeku, gauni halina mikono, jasho linamtiririka. Macho yametokeza, hayapepesi.

Alikuwa fundi cherehani, amehamia kutoka mjini. Alimaliza mikate miwili kwa siku na bado akakonda. Vidole vikawa vinatetemeka, hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Wanawake wakaacha kumpelekea nguo. Jirani yake, Bibi Raina, alisema roho ilishatoka zamani, ila mwili haujaambiwa. Jumamosi moja akamwekea dirishani sahani ya ngano ya kuchemsha yenye sukari, ile tunayowapelekea wafu makaburini. Nilisimama barabarani, nikaona mkono unatoka taratibu, ukaivuta ndani.

Ilikuwa njaa tu. Lakini hata mimi nilirudi nyumbani nikafunga mlango kwa komeo.

Wiki iliyofuata aliniita, akanishikisha kiganja chake. Kilikuwa cha moto, na mapigo yalikimbia hata sikuweza kuyafuata.

"Ognyan, niambie kweli. Nimekufa?"

Mimi si mtu wa maneno. Nilikwenda kwa nesi. Akauliza kama joto hilo huja na kuondoka, kama la mwanamke anayekoma hedhi. Nikasema haliondoki. Basi huenda ni tezi ya shingoni, akasema. Inamwaga homoni kupita kiasi, mwili unajiunguza wenyewe, na moyo unaweza kushindwa. Apelekwe hospitali leo.

Nilimpakia kwenye gari langu la kuni. Raina alisimama getini akifanya ishara ya msalaba.

"We Ognyan, maiti unaipeleka wapi?"

"Kwa daktari, bibi."

Njia nzima tulishusha vioo, theluji inaingia. Daktari alisema ni tezi kweli, na tumewahi. Zlatina alitibiwa akapona, kisha dada yake akamchukua kwenda kwake, mji wa Burgas, sikumwona tena.

Siku ile niliyompeleka, mlangoni pa wodi, aliniangalia ninavyotetemeka, ndevu zimeganda barafu.

"Nenda kanywe kitu cha moto, kaka. Usije ukafa wewe, halafu waseme ni mimi."