Chui Ndani ya Majivu

Juzi, dukani Nyali, nilimwona mwanamke kavaa ushanga wa kioo wenye madoa ya chui, na masikioni mwangu ukavuma tena ule moto wa gesi uani kwa shangazi, kule Junda, nilipokuwa mtoto.

Shangazi alikuwa akizungusha kioo cha manjano kwenye kijiti cha chuma, akikitia madoa meusi. Kilipokolea moto kikawa chekundu chote, madoa yasionekane.

"Shangazi, chui katoroka!"

"Hajatoroka. Ana joto tu." Akamfukia kwenye majivu ya makumbi ya nazi. "Usimfunue."

Nilikaa pale nikinusa majivu, nimetega sikio nisikie nyayo zake. Jioni shangazi akaupangusa ushanga. Madoa yote yalikuwepo.

Sasa najua kioo chenye moto hung'aa rangi moja, na majivu hukipoza polepole kisipasuke. Hata hivyo, nusura nimwulize yule mwanamke: wewe ulikuwepo chui alipokuwa akirudi?