Niliazima Cherehani ya Jirani Ili Nionekane Nimesimama

Admin, jina langu libaki kwako, maana majirani zangu hapa Igoma wanausoma ukurasa huu. Nina miaka arobaini na moja, mjane, watoto watatu. Mume wangu tulimzika mwaka jana.

Kabla hajaugua, dada mmoja wa mradi alipita nyumba kwa nyumba akiuliza: familia ikipata pigo, itachukua muda gani kusimama tena? Ina nini cha kushika? Mume wangu akacheka, akaipigapiga cherehani yangu kama mtu anayesifia ng'ombe wake. "Mke wangu ana hii. Hata nikidondoka mimi, hapa hapaanguki." Yule dada akaandika.

Mume wangu alipolazwa, niliiuza cherehani ili atibiwe. Sikumwambia. Alikufa akijua iko kwa fundi.

Mwezi uliopita tukasikia yule dada anarudi kuangalia nani amejikwamua. Niliona aibu. Niliona kama nitamfanya marehemu mwongo. Nikaenda kwa jirani yangu, mjane kama mimi, kuazima cherehani yake. Tuliibeba wawili, yeye anacheka: "Akikuomba umpunguzie sketi, sema sindano imevunjika!"

Dada akaja. "Shikamoo mama, pole sana na msiba. Tangu baba aondoke, mmeweza kusimama?"

"Marahaba. Tumesimama," nikajibu, mkono juu ya cherehani. Binti yangu mdogo aliniangalia tu. Asubuhi ile tulikuwa tumekunywa uji mtupu, bila sukari.

Yule dada akatoka, akaingia kwa jirani. Akamuuliza ana kifaa gani cha kazi. Jirani akasema, "Sina." Angesema kiko kwangu, angeniumbua. Alinisitiri.

Wiki iliyopita majina ya wasio na kifaa, watakaosaidiwa na mradi, yalibandikwa ofisi ya mtaa. Jirani yumo. Mimi simo. Alikuja kwangu analia: "Mama, twende tukaseme ukweli. Wakinikata, wanikate." Nikamwambia angoje kwanza. Tangu siku hiyo namsalimia nikiangalia chini.

Jumatatu yule dada anakuja kuhakiki. Nikisema ukweli, namwangusha mtu aliyenisitiri. Nikinyamaza, wanangu wanaendelea na uji ule ule. Na kwenye karatasi zake maneno ya mume wangu bado yapo, kwamba hapa hapaanguki.

Ndugu zangu, nishaurini. Jumatatu akiniuliza kama tumesimama, nimjibu nini?