Maharamia Wasiopiga Hodi

Hebu mwone Bi Ummukulthum anavyoshuka kwenye basi Peckham, kwa Waingereza: joho la mtawa juu ya sweta, ushungi ndani ya kofia ya joho, mfuko wa vitumbua mkononi. Watu wanampisha. Wengine, wakimdhani mtawa kweli, wanamwomba dua.

Mwenyewe Muislamu wa Wete. "Joho yunifomu tu," husema, "kama ya nesi."

Mwaka ule wa 2002 alifanya kazi kwenye kijumba cha makumbusho, ambako watoto wa shule walioneshwa jinsi maharamia wa Kiviking walivyozivamia nyumba za watawa zamani, wakapora vikombe vya dhahabu na kuchoma vitabu. Kazi yake ilikuwa moja: mlango ukivunjwa, atupe kikombe, apige ukelele, akimbie. Mara mbili alishindwa. Hakukimbia.

Meneja, Bharti, aliyekulia Unguja, akamwonya asubuhi ya mara ya tatu. "Bi Ummukulthum, leo usipokimbia, joho nampa mwingine. Na ile kazi yako ya zamani ya kufagia tushawapa watu wa kampuni."

"Nitakimbia, mwanangu. Inshallah."

Mlango ukavunjwa. Maharamia wanne wakaingia wakinguruma, mbele yao Mahir, kijana wa Malindi, ndevu nyekundu za gundi, shoka juu.

Bi Ummukulthum akainua kikombe akitupe. Mkono ukagoma.

"We Mahir! Unaingia nyumba ya watu bila hodi?"

Shoka likashuka lenyewe. "Hodi, bi mkubwa."

"Sijasikia."

"Hodi!"

"Karibu. Na viatu je? Nyumba ya ibada hii!"

Mahir akainama akavua mabuti. Wale watatu, Waingereza, wakadhani mchezo umebadilishwa. Nao wakavua. Mmoja soksi imetoboka, kidole kinachungulia. Watoto wakaangua kicheko hadi mwalimu wao akakaa chini.

"Kikombe mtachukua," akasema Bi Ummukulthum, akifungua mfuko. "Kuleni kwanza. Mmetoka mbali, na bahari ile baridi."

Uvamizi ukakaa mkekani, ukala vitumbua.

Bharti akatokea nyuma ya pazia, mikono kichwani. "Bibi, kimbia! Nakuomba, kimbia hata sasa!"

"Wageni hawajamaliza kula, Bharti. Nikimbie niwaache na nani?"

Bharti akamshika mkono wa joho. Mahir akaacha kutafuna.

Haya, mwenzangu, ungekuwa wewe Bharti, ungemvua?