Posa Iliyomsubiri Mjomba wa Ng'ambo

Kwetu huku mtoto ni wa mjomba. Mama anazaa, baba analea, lakini posa ya binti haijibiwi mpaka mjomba aseme neno. Na mjomba wa binti yangu, yaani kaka yangu, anakaa Kionga, ng'ambo ya Ruvuma, nchi nyingine.

Hatukuhama sana, nchi ndizo zilizohama. Mama alisimulia kwamba bibi yake alihesabiwa kodi na Mjerumani, kisha Mreno akaja akamhesabu upya, na mkeka wake haujasogezwa. Vita vya kumtoa Mreno vikatuleta kaskazini. Uhuru ulipopatikana kule, mama akarudi na kaka. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nikabaki. Tumbo moja, vitambulisho viwili. Uchaguzi wao ulipochafuka nilimpigia kaka kumpa pole. Wetu ulipofika na mtandao ukazimika, yeye ndiye aliyenipigia. "Mdogo wangu, njoo huku upumzike," akasema, akacheka mpaka salio likaisha.

Posa ilikuja msimu wa korosho. Mchumba ni kijana wa uhamiaji, pale kivukoni upande wetu. Kaka aliposikia, akakata simu. Mwaka mpaka ulipofungwa kwa machafuko ya kule kwao, watu wa sare hiyo walimrudisha, shemeji yake, yaani mume wangu, akazikwa yeye akiwa ukingo wa pili. Kesho yake akapiga tena: "Nakuja. Nakuja kukataa kwa mdomo wangu." Binti yangu akaacha kula.

Mimi nauza vitenge soko la Mtwara, nahesabu kila kitu mara mbili. Saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Washenga walikuwa waje saa saba, basi nikampunguzia kaka, nikamwambia saa sita. Naye, kwa adabu, akadhani nimetaja saa ya huku, akapunguza tena. Akafika kivukoni saa nzima kabla ya wakati.

Saa ile mpaka leo naiona kama ndoto. Haikuwa ya serikali yoyote. Mto umepungua, visiwa vya mchanga vimechomoza katikati, vile ambavyo mwaka huu ni vyetu na mwakani ni vyao. Nyumbani napepea moto, moshi wa pilau umesimama hewani hauna pa kwenda, nami nadhani kaka bado kwake anatafuta kanzu. Kumbe ameshasimama dirishani kwa uhamiaji, na ndani yumo mchumba mwenyewe anamalizia zamu, maana mwoaji haendi kwenye posa yake. Angekuja kwa mahesabu yangu, wasingekutana.

Kaka alinisimulia akiwa bado mlangoni.

"Akaniamkia. Akauliza, mzee, safari ya nini? Nikamwambia, nakwenda kukataa posa."

"Wewe!"

"Kalamu ikasimama. Akajua. Nikasema moyoni, leo narudishwa tena. Akauliza, kukataa kunachukua siku ngapi?"

"Ukamjibuje?"

"Dakika moja. Akaniandikia wiki nzima! Ati, mzee, kataa kwa nafasi, usije ukaharakishwa na mpaka."

Nilitaka kucheka, lakini nyuma ya pazia binti yangu alikuwa akisikiliza.

Washenga wakaja, wakaketi, msemaji wao akamsifu kijana kama anayeuza ng'ombe. Kaka akatazama mbali, kama bado yuko majini.

"Mkamwambie," akasema mwishowe, "mtoto wao wa kwanza atanyolewa nywele Kionga. Yeye mwenyewe amlete. Avuke, asimame dirishani kwetu, aulizwe safari ya nini."

Washenga wakatazamana. "Mzee, hilo la mpaka lina serikali mbili."

"Na binti ana mjomba mmoja."

"Atamleta!" sauti ikatoka nyuma ya pazia, bila haya. Wazee wakaangua kicheko, mimi nikainamisha uso.

Aliyekuja kukataa hali pilau ya watu. Kaka akakunja mikono ya kanzu, akaomba maji ya kunawa.