Mpaka Grisi wa Mwambani

Kila Jumatatu Disa, akisukuma kigari cha mwanawe, humwona mzee mtunza mzinga wa vita akipanda mwambani na kopo lake la grisi. Jeshi la Uswidi lilishavunja vikosi vya mizinga ya pwani, na hakuna aliyemwagiza. Huufuta mtutu chumvi ya bahari kwa kitambaa cha flana, polepole, kama Disa anavyomfuta mtoto nyuma ya masikio. Vidole vyake vimeingia weusi ambao umeishinda sabuni. Mzinga anauita bibi. “Bibi leo kaamka na kutu,” humwambia Disa. “Na wewe je?” Disa huuliza. “Mimi kutu ndiyo inayonishikilia, dada.”

Leo wamekuja mafundi wawili na mitungi ya gesi. Jeshi limeamuru mzinga ukatwe, uwe chuma chakavu.

“Babu, grisi yote hii ya nini?” fundi mmoja akamtania. “Utatuvutisha moshi mpaka jioni.”

“Niacheni nimalizie kufuta.”

Wakamwacha. Akafuta hadi ncha ya mtutu, akakikunja kitambaa mara nne, akaja kusimama kando ya Disa. Moto ulipogusa chuma, akaachama kinywa kabisa. Disa alidhani analia, kisha akakumbuka kuwa wapiga mizinga huachama hivyo kabla ya mlipuko, masikio yasipasuke.

“Funga mdomo, babu,” akamwambia taratibu. “Haulipuki huo.”

Mtutu ukadondoka majanini, naye bado ameachama, akingoja mlio.