Kitambaa cha Baba Mdogo

Wiki iliyopita, fundi jirani yangu hapa Hamugembe alipulizia dawa ya kuwashia injini kwenye pikipiki iliyogoma. Harufu ile, tamu na kali kwa pamoja, ikanifikia jikoni nikimenya ndizi. Niliacha kisu nikaenda kutapika. Niwaambie kwa nini.

Nikiwa na miaka kumi nilikaa kwa Bibi, Kimwani, wilayani Muleba. Mashine yake ya kusaga mahindi iliendeshwa na mwanawe wa mwisho, baba mdogo Ishengoma, mcheshi aliyependwa na wateja. Injini ilikuwa kuukuu; asubuhi za baridi haikuwaka mpaka aipulizie dawa ya kopo kwenye bomba la hewa. Kisha makopo yakaanza kuisha haraka. Shati lake likanuka dawa, puani akaota vidonda, na wakati wa kula ute ulimchuruzika asijue.

“Ana mafua tu,” Bibi alituambia, bila kumtazama.

Siku moja ya gulio, wateja wamejaa, injini ikazima. Bibi akanituma nimwite. Nilimkuta stoo ya nyuma, ameketi juu ya gunia, kitambaa kilicholowa dawa amekibana puani. Kifua chote kilikuwa matapishi, na inzi walishafika. Akaniinulia macho mazito, akacheka.

“Funga mlango, mama. Usimwambie Bibi.”

Nilifunga. Sikuwa namtii, sikutaka tu kuona wala kunusa zaidi. Nikarudi nikasema, “Anakuja.”

Hakuja. Mama mmoja mteja alichoka kusubiri, akausukuma mlango na kumkuta amelala chali, midomo imegeuka kijivu. Akamburuta hadi uani, akamlaza ubavu, akamtoa matapishi kinywani kwa vidole vyake mwenyewe. Mimi nilifumba macho. Baba mdogo alipona, ila mikono yake inatetemeka mpaka leo, na jina langu hulisahau.

Ukubwani nilisoma maandishi ya kopo kama lile. Kuna etha, ambayo zamani madaktari waliitumia kuwalaza usingizi wagonjwa kabla ya kuwapasua. Kuna heptani, ndugu yake petroli, na gesi ya kuvisukuma vyote nje. Katika chumba kilichofungwa mvuke huo hukalia nafasi ya hewa, na moyo wa kijana mwenye nguvu unaweza kusimama ghafla. Ndipo nikajua nilichokifanya pale mlangoni.

Nikayaelewa na yale mafua. Nyumba nzima tulikuwa tunaisikia harufu ile. Tuliona kinyaa, tukageuza nyuso, naye akabaki na kopo lake.

Pasaka iliyopita baba mdogo alikuja kunitembelea. Kijiko kilimshinda, nikamlisha kwa mkono wangu, chakula kikimrudi kidevuni na kinyaa kikinipanda mpaka kooni. Nilikimeza kinyaa hicho, nikamfuta, nikachota tena.