Siku Mama Alipopiga Magoti Shambani

Juzi nikitoka Malaba niliona wafungwa wakifyeka nyasi kando ya barabara, na harufu ya majani mabichi ikanirudisha kwenye shamba la gereza, kule Bukhayo.

Nilikuwa mdogo. Nyumbani niliambiwa baba anafanya kazi kwenye shamba la serikali, nami niliwaringia sana watoto wenzangu. Siku hiyo mama alivaa gauni lake la kanisani, tukaenda kumwona. Tulikuta wanaume wa sare za mistari wakipalilia mahindi huku wakiimba, na baba ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo.

Tulipokaribia, askari alipiga filimbi. Wote wakaweka majembe chini, wakachuchumaa kwa safu. Kwetu mwanamke ndiye hupiga magoti akisalimia. Sikuwahi kuona wanaume wakishuka hivyo, tena mbele ya mama yangu. Nilidhani wanamwamkia, nikajaa fahari.

Mama alisimama kidogo akiwatazama. Kisha akatua kikapu, akapiga magoti kwenye tope na gauni lile lile.

"Mulembe, Baba Ajiambo," akasalimia, akimwita baba kwa jina langu, kwa sauti iliyofika safu ya mwisho. "Pole na kazi."

"Mulembe, mama," baba akajibu polepole.

Askari, aliyekuwa akiwanyooshea kidole mmoja mmoja, akaanza upya kutoka kwa mtu wa kwanza.

Leo najua wale wanaume walikuwa wakihesabiwa, na kwamba walichuchumaa kwa amri. Mama alilijua hilo siku ile ile. Yeye hakuna aliyemwamuru.